Mgema Aliyepumzisha Misonobari

Ndugu, jamaa na majirani, tuliyekuja kumsindikiza ni dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Utomvu. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, katika nyumba ya mbao chini ya mteremko wa misonobari, akiwa kifungua mimba wa mgema utomvu na mshona nguo.

Alianza shule mwaka 1960. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini alipomaliza darasa la saba baba alivunjika mguu, naye akachukua kisu cha baba akapanda msituni. Watu walisema kazi ile si ya msichana. Mama akawajibu, "Mti hauulizi kisu kimeshikwa na nani." Dada alichanja magome, akatundika vikombe, na utomvu uliochuruzika ukaenda kiwandani kutengeneza rangi na sabuni. Sisi wadogo zake tumesomeshwa na vikombe vile.

Mwaka 1974 dereva wa lori la magogo alifika bandani kwake, akakaa kwenye benchi lililomwagikiwa utomvu. Alipotaka kuinuka, suruali ikagoma. "Dada," alisema, "nimeshanasa, bora unikubali tu." Walifunga ndoa tarehe 8 Februari 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Msitu ule ulitupa mbao, kuni, uyoga, kivuli na maji ya chemchemi, tukadhani ni urithi usiokwisha. Kisha mvua zikaanza kuchelewa na joto likazidi mwaka hadi mwaka. Kufikia 2009, baada ya ukame mrefu, majani ya misonobari yaligeuka mekundu na wadudu wakajaa chini ya magome. Bwana misitu alituita akaeleza: mti wenye afya huwazamisha wadudu hao kwa utomvu wake, lakini mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Na hata huo kidogo sisi tulikuwa tukiukinga.

Maneno yale yalimchoma Dada. Kesho yake alishusha vikombe vyake vyote.

"Unaukata mkono unaokulisha," shemeji alimwambia.

"Nikiukamua mpaka ufe, utanilisha nini?"

Wagema wenzake walimcheka kwa sauti, wakasema uzee umemwahi. Akawa anafua nguo za watu ili jiko liwake. Shemeji alinuna wiki nzima, kisha akatoka na msumeno. Mke na mume wakaondoa miti iliyoliwa na wadudu, wakapunguza iliyobanana ili iliyobaki igawane maji, na penye nafasi wakapanda miti ya asili. Mgema mmoja akashusha vikombe vyake, akafuata wa pili, hatimaye mteremko mzima ukapumzishwa.

Hatukuokoa msitu wote. Upande wa magharibi ni visiki, na kijito chake kimekauka. Lakini mteremko wetu umesimama. Mvua kubwa ya 2018 iliposomba udongo kule, huku hakuna nyumba iliyofukiwa, na chemchemi haijakatika hadi leo.

Dada hakuwa malaika. Kuomba radhi kulimshinda kabisa. Akikukosea, alikuletea uyoga. Wajukuu walipouona mezani walinong'onezana, "Leo bibi kamkosea nani?"

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Juni hii alilazwa, na aliyekuja kumwona mapema kuliko wote ni mgema aliyemcheka kuliko wote. "Dada, miti imepona," alimwambia. "Mwaka huu tumeanza kugema tena, na vikombe vinajaa."

"Basi msivijaze," akajibu, akafumba macho akitabasamu.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Julai 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita na wadogo zake watatu. Wanaolibeba jeneza lake leo ni wale wale wagema. Hatukuwaomba, wamegombea nafasi wenyewe.

Apumzike kwa amani, Dada yetu, na sisi tusipumzike mapema.