Moshi wa Korosho Haufiki Mkononi

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyeniacha hai.

Wengi mnanijua. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la nne nikawalea wadogo zangu wawili, Filomena na Kosmas. Nililima, nikabangua korosho, wakakua. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Nanyamba, nilikuwa na mvi tayari, lakini kazi nzito ya nyumbani ilibaki kuwa yangu.

Siku hiyo nilikuwa nachoma korosho kwenye debe lililotobolewa. Mnajua mafuta ya maganda yanavyoruka, na ule moshi unavyounguza kifua. Kifua kikanibana. Nikakaa chini, jasho linanitoka. Kwetu dawa ya moshi ni tui la nazi, basi wanawake waliokuwa wakibangua wakaniletea bakuli. Wakacheka: "Baba mlezi leo kashindwa na korosho!" Nilicheka nao kidogo. Nikanywa tui, nikarudi kwenye debe.

Maumivu yakashuka mkono wa kushoto, yakapanda hadi kwenye taya. Nikaanguka. Filomena alinikuta hapo, akakimbilia shamba la kijiji, ambako trekta letu moja lilikuwa likilima, kuomba linipeleke hospitali. Mwenyekiti wetu, Mzee Hamisi, akamwambia, "Mwanangu, mvua iko karibu. Mpeni tui apumzike."

"Ndugu Mwenyekiti, tui kanywa. Moshi gani huu unaofika mkononi? Njoo umwone."

Alikuja. Alinitazama kidogo tu, akamgeukia dereva: "Fungua plau. Funga tela."

Nililazwa kwenye tela juu ya magunia matupu, tukaenda Mtwara mjini. Kila shimo la barabara nililisikia kifuani. Sikuomba kwa maneno. Nilidhani nakufa, na nilifikiri juu ya palizi.

Hospitalini daktari alinieleza taratibu: mishipa inayopeleka damu kwenye moyo imeziba, na kipande cha moyo kimekufa. "Kilichobaki kitakutosha ukikipumzisha," akasema. "Usinyanyuke kitandani, hata kwenda chooni."

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Maumivu yalipopungua nikataka kwenda zangu. Nani angelima sehemu yetu ya shamba la kijiji? Nikateremsha miguu. Filomena hakunishika. Alisema, "Kaka, ukienda shambani, na sisi tunakuja kuzika. Chagua."

Nikairudisha miguu kitandani.

Kosmas akaleta beseni aniogeshe. Niligeuza uso ukutani. Mtoto niliyemlisha uji kwa mkono wangu! Akasema, "Tulia, kaka. Wewe uliniogesha kwa dodoki mpaka ukanichubua. Mimi nina kitambaa laini, una bahati." Nikacheka, na kucheka kuliniuma. Kisha nikamwacha aendelee.

Tangu utoto sala yangu ilikuwa moja: Bwana, nipe nguvu niwalishe hawa. Siku hiyo nguvu sikuwa nazo, wala sikuziomba. Nilisema tu, Bwana, niko mikononi mwao. Nikalala usingizi, wa kwanza tangu nianguke. Hivyo ndivyo nilivyofunguliwa.

Sisemi kwamba mishipa imezibuka. Daktari hakusema hivyo, nami siongezi. Nikipanda kilima nasimama njiani. Jembe analishika Kosmas, na sehemu yetu imelimwa. Mgonjwa aliyelala kitanda cha jirani, mwenye maradhi kama yangu, hakurudi kwao. Kwa nini mimi nimerudi, sijui. Nashukuru.

Namshukuru Mungu, na Filomena, na Kosmas, na Mzee Hamisi, ambaye anasali msikitini na alisimamisha kilimo cha kijiji kizima kwa ajili yangu.

Ukibanwa kifua, maumivu yakafika mkononi au kwenye taya, usinyamaze, mwambie aliye karibu. Na wewe uliyezoea kuwabeba wenzako, mtumaini Bwana hata siku utakapobebwa. Mimi niliogopa siku hiyo ya kubebwa kuliko kifo, na ndiyo siku ambayo Bwana aliniponya.