Ganda la Mkomamanga wa Raho

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Mlio Rhamu, Garissa, Hagadera, sogezeni redio. Leo tunamkumbuka Bi Raho Siyad, mkulima wa komamanga kando ya Mto Daua. Raho ametangulia. Inna lillahi.

Nasema mkulima. Wengine walimwita mlaghai. Mimi siamini maneno ya sokoni, kwa hiyo nilikwenda Rhamu mwenyewe.

Shamba lake lilianza kwa vijiti tu. Alikata tawi lisilo changa wala kuukuu. Alilichomeka kivulini, macho ya tawi, yanayochipua, yakitazama juu, kwenye mchanga wenye unyevu. Vijiti vyake vilishika. Vile alivyowapa majirani vilikauka. Vyake vilishika, vyao vilikauka. Basi shaka ikaota mizizi kabla ya miti.

Diriye, mfugaji wa ngamia aliyetaka kujaribu kilimo, alimshtaki mbele ya wazee.

"Eedo Raho, shangazi yetu, unavichemsha kabla ya kutugawia. Wallahi, vinanuka chai!"

Watu walicheka. Wazee hawakucheka. Shamba lilikuwa la ukoo, na walikuwa tayari kumnyang'anya.

Binti yake, Kowsar, anakumbuka: "Mama hakuapa. Alikata kijiti mbele yao, akampa Diriye. Akasema, 'Haye, panda hapa hapa, tukuone.'"

Diriye akachuchumaa, akatoa kisu. Akaanza kumenya ganda taratibu, kutoka chini hadi juu, kama atengenezavyo fimbo ya kuchungia. Nani kwetu hushika fimbo yenye ganda?

"Unafanya nini?" Raho akauliza.

"Nakisafisha. Nipande uchafu?"

"Umekichuna ngozi, halafu unakiambia kiamke! Mizizi huanzia chini ya ganda, Diriye. Hapo umepanda bakora."

Wazee wakakohoa. Nao walikuwa wamemenya vyao. Shamba likabaki la Raho.

Mnadhani shaka iliisha? Baada ya maziko, Kowsar aligawa vijiti vya mwisho alivyokata mama yake. Siku chache baadaye nilimkuta Diriye shambani kwake. Ganda aliliacha, alhamdulillahi. Lakini alikuwa amekichomoa kijiti, anakigeuzageuza atazame kama kimeshika.

Kowsar, niliyekuwa nimefuatana naye, akamfokea: "Adeer, ami yangu, rudisha! Mama yuko kaburini, bado unamchunguza?"

Poleni, Kowsar na ukoo wote. Mungu amrehemu Raho.

Nawe msikilizaji, kabla hujazima redio, jiulize: leo umemchomoa nani, utazame mizizi yake?