Mama Mvuke, Aliyezuia Malori

Viongozi wa dini, majirani, ndugu na jamaa, walimu wenzake na wanafunzi wake, na ninyi wa kiwandani mliokaa safu ya nyuma kama waliochelewa kipindi, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya mama yetu mkubwa, na nimepewa kazi hii, kama kikao cha familia kilivyosema bila kunong'ona, kwa sababu mimi ndiye mwenye muda, digrii ninayo, ajira sina. Kikao hicho kilikwama kwenye neno moja, kama kiwandani alistaafu au alifukuzwa, na neno hilo nitalisoma mahali pake likifika, kwa hiyo wazee wangu msianze kutazamana sasa hivi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya saba na wa kwanza wa kike, jambo ambalo kwa hesabu za nyumba ile lilimaanisha kuwafulia wawili waliomtangulia na kuwabeba wanne waliomfuata. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza sekondari mwaka 1981, akachaguliwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa kemikali, ambako wasichana walikuwa wawili darasa zima, mwenzake akahamia ualimu muhula wa pili, akabaki yeye na somo linaloitwa Mass Transfer, ambalo sisi tuliokuja baadaye tuliliita Mass Failure. Yeye alilipenda. Alitufundisha mezani huku akikoroga chai, kwamba kitu huhama kutoka kilipojaa kwenda kilipopungua, iwe sukari, iwe harufu, iwe unyevu, nami nikamwuliza mbona ajira hazihami hivyo, akanijibu kwamba ajira hazijasoma.

Alihitimu mwezi Novemba 1986, na tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa kwenye kiwanda cha mafuta ya mbegu, enzi hizo ambapo mtu alihitimu mvua za mwisho wa mwaka akaitwa kazini kabla hazijakatika, sisi wengine tunaitwa na we regret to inform you. Aliwekwa upande ambao mbegu zilizopondwa huoshwa kwa kiyeyushi, kimiminika jamaa ya petroli kinachobeba mafuta hadi tone la mwisho, kisha kiyeyushi chenyewe hufukuzwa kwa mvuke, kitoke kwenye mafuta na kitoke kwenye mashudu yanayobaki, maana mashudu yakiondoka nacho, cheche moja ndani ya lori inatosha. Kila aliyempelekea shida pale alijibiwa kwanza kwamba aongeze mvuke, ndiyo maana wakamwita Mama Mvuke, na jina hilo likamkaa kuliko lililo kwenye cheti.

Hapo ndipo alipokutana na baba mkubwa, mkuu wa maabara, na kila mmoja aliisimulia habari hiyo kivyake, mama mkubwa akisema alimpelekea sampuli nzuri ikarudishwa mara tatu, baba mkubwa akisema sampuli ilikuwa mbaya ila mletaji hakuwa na kasoro. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, dada yetu muuguzi na kaka yetu fundi umeme, na juu yao mimi, mtoto wa mdogo wake, niliyekuja likizo ya darasa la tatu nikasahau kuondoka.

Sasa lile neno. Tarehe 2 Julai 2004 marehemu alifukuzwa kazi. Nimelisoma, na sababu yake ni hii, kwamba tarehe 17 Juni mwaka huo boila lilikuwa limechoka, mvuke ulikuwa hafifu, na mashudu yalikuwa yakitoka haraka kuliko kawaida kwa kuwa malori yalikuwa yamejipanga hadi getini, maabara ikapima sampuli ikasema salama, na aliyeisaini alikuwa mume wake. Mama mkubwa alikwenda kwenye rundo, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa, akasema sampuli imechukuliwa juu, ambako upepo umeshapita, na kwamba kiyeyushi kilichojificha ndani ya punje hakitoki kwa haraka ya meneja, wachukue ya katikati. Baba mkubwa alijibu kwamba utaratibu unataja mahali pa kuchukulia, naye amechukua hapo hapo, mke au si mke. Meneja akasema pakieni. Mama mkubwa akafunga chumba cha mizani ya malori, ambapo kila lori lazima lipimwe kabla ya kutoka, na ufunguo akauweka mahali ambapo hakuna mlinzi aliyethubutu kuutafuta.

Malori hayakutoka siku ile. Vibarua wa kupakia walirudi nyumbani mikono mitupu, wakamsema dukani, wakamsema kisimani, na wengine wenu mpo hapa, mmechimba kaburi hili tangu asubuhi, Mungu awalipe. Kesho yake rundo lilipinduliwa kwa makoleo, likapigwa upepo, na ushahidi wote, wa mke na wa mume, ukaenda na upepo huo huo. Hakuna kilichowaka, hakuna aliyekufa, na kwa sababu hakuna aliyekufa hakuna aliyeshukuru, kwa meneja ile ilikuwa hasara, na hasara hutafutiwa mtu. Baba mkubwa aliendelea na maabara yake, jioni anarudi kwa yule aliyefukuzwa, wanakula sahani moja, wanabishana juu au katikati, miaka ishirini na moja, na hakuna hata mmoja aliyelegea.

Mwaka 2005 alianza kufundisha chuo cha ufundi, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2022, kwa hiyo wazee wangu, alistaafu kweli, ila si huko mlikotaka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na hata pale kitandani alimweleza muuguzi kwa nini damu inapita huku na maji ya dawa yanapita kinyume chake, ili uchafu upate pa kuhamia njia nzima, muuguzi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha kwamba mgonjwa ni yeye. Baba mkubwa, kwenye kiti cha plastiki pembeni, alidai kasi ya maji ni ndogo, wakaanza. Alifariki Jumanne ya tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mbishi wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliolala nasi uwanjani, walimu na wanafunzi wa chuo, na uongozi wa kiwanda kwa shada la maua, tumelipokea, limechelewa miaka ishirini na moja lakini limefika.

Shukrani ya mwisho ni ya baba mkubwa. Juzi kikao kilipogawanyika, wazee wakitaka alistaafu ili heshima ya marehemu ibaki, sisi watoto tukitaka alifukuzwa kwa sababu heshima yenyewe iko hapo, yeye ambaye hadi leo anaamini sampuli yake ilikuwa sahihi, na ambaye kwa neno moja angeweza kulizika jambo hili pamoja na mke wake, alisema, "Msomeni alivyosema yeye. Mimi nitambishia nikimfuata."

Basi mama mkubwa, pumzika kwa amani, na upumzike hasa, maana mwenzako anakuja na hoja zake.