Anayeomba Mkate Si Yeye

Nje ya duka la Tilson, wanakouza misumari, chakula cha kuku na chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji, lipo benchi refu la mti wa mwaloni, na benchi hilo lina wenyewe. Huwezi kulikalia tu kwa sababu miguu imechoka. Msitu unaanzia pale pale lami inapokwisha, na kulungu husimama ukingoni kwenye ukungu wakiwatazama watu wakinywa kahawa. Zamani walikuwa wakikimbia, siku hizi hawakimbii. Katika mji huu wa Hadlow, jimbo la Connecticut, hakuna nyumba ambayo kupe hajaingia. Ukimkuta mwilini humtupi, unambandika kwa utepe wa gundi kwenye kalenda ya jikoni, juu ya tarehe aliyokuuma, ili ukianza kuumwa ujue pa kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana ukiingia kwa watu mwezi wa sita utaikuta kalenda imejaa vidoa vyeusi vyenye miguu. Na kahawa ya benchini ni chungu, kavu kabisa. Sukari ni mwiko, maana wanasema sukari ndiyo inayowanenepesha wadudu wa Lyme, ule ugonjwa unaoletwa na kupe.

Hester Pruitt alifika asubuhi hiyo ya mwisho wa Oktoba akiwa na swali moja tu: ampeleke mumewe hospitali, au asimpeleke?

Mumewe ni Orrin, fundi wa kujenga kuta za mawe, mtu aliyekuwa akiinua jiwe la kilo hamsini huku akipiga mluzi. Mwaka wa tatu huu hainui hata kopo la rangi. Ilianza homa, likafuata goti la kushoto kuvimba kama tikiti, kisha uchovu usioisha na maneno ya kumpotea mdomoni. Hospitali walimpa vidonge vya wiki tatu, akapata nafuu, halafu maumivu yakarudi. Akarudi hospitali mara kumi na moja. Vipimo vikawa safi kila mara, na daktari wa mwisho alimwambia labda ajaribu kupata mtu wa kuzungumza naye kuhusu huzuni. Orrin alitoka pale akalia kwenye gari. Hester hakuwa amewahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake.

Benchi, kwa upande wake, lilimwamini siku ile ile. Kwa hilo tu Hester angelipenda mpaka kufa kwake. Likampa dozi ya siku ishirini na moja: hakuna mkate, hakuna maziwa, hakuna kitu kitamu. Supu ya mifupa asubuhi, vitunguu saumu sita vibichi mchana, matone ya mizizi usiku. Wiki ya kwanza Orrin alitembea mwenyewe mpaka kwenye sanduku la barua, na Hester akashangilia dirishani. Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

– Mapigo ya moyo wake jana jioni yalikuwa arobaini na sita, Hester aliwaambia hata kabla hajakaa. Leo asubuhi thelathini na nane. Nimehesabu mara tatu.

Bi Mizizi alifumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi uliokolea. Jina lake hasa ni Adelaide Crouch, na mizizi yote ya mji huu inachimbwa na yeye, kule kando ya mto unakoota ule mmea vamizi usiokufa hata ukichomwa moto.

– Unaona, dada? Imefika.

– Nini imefika?

– Dawa. Mizizi inaanzia miguuni, inapanda polepole. Ikifika moyoni ujue kazi imebaki kidogo.

– Haraka haraka haina baraka, alidakia Profesa. Hata kwa moyo. Moyo unaokimbia ni moyo wenye wadudu ndani. Sasa wameanza kuhama, moyo nao unapumzika.

Profesa ni Milton Sprague, dereva mstaafu wa basi la shule. Hajawahi kumfundisha mtu hata kuhesabu, lakini kila mchana yuko maktaba kwenye kompyuta, na kila asubuhi anawapakulia benchini alichokivuna.

Hester akasema amekonda pia, suruali zake zinadondoka. Hapo akaingilia Lorne Beckwith, anayeitwa Nyuki kwa sababu hutembea na nyuki hai kwenye chupa ya siagi ya karanga, ajibandike shingoni wamdunge.

– Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, Nyuki alisema. Mwili ukipungua, wadudu wanakosa pa kukaa. We ulitaka anenepe ili wapate vyumba?

– Lakini hali yake ni mbaya, Lorne. Kila siku ni mbaya kuliko jana.

– Si ndiyo tunavyotaka, mama! Mdudu akifa anatapika sumu. Mgonjwa akizidiwa, maana yake wanakufa. Asingezidiwa ningekwambia umeibadilisha dawa.

Alikuwa amemtoa nyuki mmoja kwa kibanio cha nywele, akamweka chini ya sikio. Hester alimwona yule mdudu akijikunja na kudunga. Uso wa Nyuki haukutikisika hata ukope. Alieleza, kwa fahari kabisa, kwamba mwaka jana nyuki mmoja alimfanya apige kelele, siku hizi anaweka kumi na wawili na hasikii kitu. Hata maji ya moto hayasikii. Juzi aliungua kiganja kwenye jiko, akajua kwa harufu.

– Nimefika mbali, alisema.

Bi Mizizi aliitikia kwa kichwa. Hester alikitazama kile kiganja chenye malengelenge yaliyopasuka. Akasimulia habari ya mbwa wao, Biskuti, ambaye miaka tisa amelala juu ya miguu ya Orrin. Tangu juzi haingii chumbani. Anakaa mlangoni, anatazama kona ya dari, na ukimvuta kwa ukosi anajikojolea. Na Orrin naye anatazama kona ile ile, akisema asante, asante, kama mtu anayepewa vitu.

Profesa alijisogeza karibu. Sauti yake ilishuka, na wale wawili wakainama kumsikiliza ingawa ilionekana wameshawahi kusikia.

– Mbwa anawaona wanavyotoka. Sikiliza, Hester, nikwambie kitu ambacho madaktari hawawezi kukwambia. Hawa hawana akili ya kidudu. Wana akili ya kundi, kama kulungu pale. Unawaona? Hakuna anayekula. Wanasubiri. Wadudu nao wanajua siku ya dawa, wanajua saa. Wakibanwa wanajificha kwenye mfupa, na wakibanwa zaidi wanaazima ulimi wa mwenye nyumba. Ameomba mkate?

– Ameomba. Usiku wa juzi.

– Anayeomba mkate si yeye.

Hester alisikia mikono ikimpoa, kikombe kikiwa cha moto vile vile. Maana maneno hayo alikuwa ameshaambiwa wiki iliyopita, na alikuwa ameyafuata. Orrin aliomba mkate, akamnyima. Lakini juzi hakuomba mkate peke yake.

– Aliniomba nimpeleke hospitali, alisema. Mara mbili. Alinishika mkono akasema, Hester, nipeleke, naogopa. Nikamwambia... nikamwambia wewe si Orrin.

Hakuna aliyeshtuka. Bi Mizizi alimpapasa goti kwa upole wa dada mkubwa, akamwambia alifanya vizuri, wengi hushindwa hapo hapo, siku ya kumi na saba. Mvumilivu hula mbivu. Akamwuliza kama leo ameomba tena.

– Leo hajaomba kitu chochote.

– Basi wameondoka, alisema Bi Mizizi. Zimebaki siku mbili tu.

Wakati huo gari la fundi liliegeshwa, akashuka mtu mnene mwenye ovaroli, mgeni machoni pao. Alijitaja kwa jina la Dombek. Alisema amehamia majuzi upande wa kinu cha zamani, anatengeneza majiko ya kupasha nyumba joto, amekuja kutafuta kibano cha bomba. Akauliza kama kahawa ni ya watu wote. Tilson mwenye duka alimjibu kutoka ndani kwamba ni ya watu wote, ajichukulie. Dombek akanyoosha mkono ukutani, vinakoning'inia vikombe kwenye misumari, akashusha kimoja cha bluu.

– Hicho usinywee, Profesa alimwambia. Kina mtu.

– Samahani, mzee. Cha nani?

– Cha Wendell.

Dombek akakirudisha kwa adabu, akashika kingine. Hicho kilikuwa cha Ruthanne. Cha tatu, chenye picha ya bata, cha Amos Teale. Vilikuwa sita, vyote vina vumbi ndani, na vyote vina wenyewe.

– Kumbe benchi hili lina watu wengi, Dombek alisema akicheka. Leo wako wapi?

– Wamepona, alijibu Bi Mizizi. Walimaliza siku zao ishirini na moja. Aliyepona hana haja ya kuja hapa.

– Wote sita? Hongera zenu. Mke wangu naye ana huo ugonjwa wa kupe. Dombek alifuta vumbi mikononi kwenye ovaroli yake. Ningependa aongee na mmoja wao. Nani kati yenu amemwona yeyote baada ya kupona?

Alikuwa anauliza tu, kwa heshima, kama mtu anavyouliza njia. Nyuki akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Bi Mizizi. Bi Mizizi akainuka akamimine kahawa, na birika halikutoa kitu. Alilishikilia hivyo hivyo, limeinama.

Hester alikumbuka kitanda cha Wendell. Alikiona mwezi wa nne, kimewekwa kando ya barabara pamoja na godoro na kibao kilichoandikwa "Bure", kama watu wa Hadlow wanavyofanya na vitu wasivyovihitaji. Alipita na gari, akajiambia mtu aliyepona hununua kitanda kipya. Alijiambia hivyo kwa sauti, peke yake, ndani ya gari. Kwa nini aliona haja ya kujiambia?

– Mimi sijamwona, alisema. Sijamwona hata mmoja.

– Hester, kaa, dada yangu. Bado siku mbili.

Hakukaa. Alimwambia Tilson apige simu gari la wagonjwa lije nyumbani kwake, sasa hivi, aseme ni moyo. Watu wa benchi hawakumzuia. Alipogeuza gari aliwaona wote watatu wamekaa wima, wametulia, na nyuma yao kulungu wametulia vile vile, na hakujua ni wepi wanaomtazama.

Nyumbani ni mwendo wa dakika nne. Biskuti alikuwa nje ya geti, amelala kwenye majani yaliyodondoka, hakunyanyua kichwa. Mlango ulikuwa wazi.

Orrin alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti chini ya kalenda, amevaa shati la kwenda kanisani na viatu vimefungwa kamba vizuri. Kwa mwezi mzima vidole vyake havijaweza kufunga kamba. Alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

– Hester, alisema taratibu. Hainiumi.

– Nini hakikuumi?

– Popote. Mgongo, shingo, popote. Nimeamka tu nikaona hainiumi. Nadhani nimepona, mke wangu.

Mwaka wa tatu huu alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Aliyaomba kwa Mungu, aliyachimba mtoni pamoja na Bi Mizizi matope yakimfika magotini. Sasa yamekuja, na nywele zikamsimama. Alipiga magoti akamshika kifundo cha mkono, akatafuta. Pigo moja. Akangoja. Akangoja sana, mpaka akadhani kidole chake ndicho kimekufa ganzi, ndipo likaja la pili.

– Hujapona, alimwambia. Orrin, nisikilize. Hujapona hata kidogo. Juzi nilikukatalia, nilikosea, ulikuwa wewe. Wanakuja kukuchukua.

– Usijisumbue, alisema. Macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye kona ya dari. Asante. Asante sana.

– Orrin!

Hakugeuka. Kope zilianza kushuka, na lile tabasamu likabaki pale pale, limelegea, kana kwamba mwenye nyumba ameondoka akasahau kuzima taa. Hester hakujua dawa yoyote ya kitu kile. Alilishika goti la kushoto, lile bovu, lililovimba, ambalo kwa miaka mitatu hakuthubutu hata kuliwekea shuka zito. Alilishika kwa mikono yote miwili, akalifinya kwa nguvu zake zote.

Hakuna kitu. Akalifinya tena, akizamisha kidole gumba pale pale chini ya pia ya goti, anapopajua.

Orrin alipiga kelele. Alimtukana mkewe tusi ambalo hajawahi kumtukana katika ndoa yao yote, akajaribu kumsukuma, machozi ya maumivu yakamtoka.

– Unaniumiza, mwanamke! Unaniumiza!

– Najua, alisema Hester. Alikuwa analia na kucheka, hakujua lipi ni lipi. King'ora kilisikika mbali, chini kwenye daraja. Najua, mpenzi. Endelea kunitukana.

Na kila kope zilipoanza kushuka, alilifinya tena.