Mheshimiwa Mkunga na Saini Aliyoibeba Peke Yake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mbunge aliyekaa katika ukumbi wetu kuliko mwanamke mwingine yeyote atarudisha kitambulisho chake kwa walinzi wa lango kuu na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na mitano, vipindi vitano vizima, bila kukosa kikao ila wiki mbili nitakazozieleza. Ana umri wa miaka sitini na sita, magoti yanamsumbua, na safari hii amekataa kugombea. Aliwaambia watu wa jimbo lake, "Nimechoka, na mtu aliyechoka hasomi anachosaini."

Jarida la wafanyakazi limeniomba mimi niandike kwa sababu nimekuwa katibu wa kamati zake kwa miaka kumi na saba. Mhariri alitaka kitu cha kuchangamsha. Nitaanza na hayo, maana yapo.

Kabla ya siasa alikuwa mkunga katika kituo cha afya cha mjini kwao kwa miaka kumi na minane, ndiyo maana hata Spika alizoea kumwita Mheshimiwa Mkunga. Kampeni yake ya kwanza haikuwa na gari wala fulana. Alipita nyumba kwa nyumba, na mlango ukifunguliwa na kijana aliyetimiza umri wa kupiga kura, alimkagua kutoka utosini hadi nyayoni, kisha akasema, "Wewe ulitanguliza miguu. Ulinisumbua tangu alfajiri hadi adhuhuri. Leo ni zamu yako kunisaidia." Wapinzani wake wawili walilalamika kwamba huko ni kutishia wapiga kura.

Katika mwaka wake wa tatu bungeni, mhudumu wa maktaba alishikwa na uchungu kati ya makabati ya sheria za zamani. Mheshimiwa alitoka ukumbini katikati ya mjadala, akafunga mlango wa maktaba, na baada ya saa moja na nusu akarudi kitini mikono ya gauni ikiwa bado imekunjwa. Akaomba nafasi ya kusema. "Mheshimiwa Spika, naomba radhi kwa kutoka bila ruhusa. Tumeongezeka." Ukumbi mzima ulicheka, pande zote mbili.

Hotuba ndefu hazikumpendeza. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi saa, ambaye ndiye jamaa pekee aliyebaki naye baada ya wazazi wao kufariki, na alizoea kututania kwamba mdogo wake amemfundisha kuheshimu dakika za watu. Walikuwa wameshibana. Kila Jumapili Mheshimiwa alikula kwake. Mke wa fundi alipojifungua binti, mtoto wao wa pekee, shangazi ndiye aliyempokea kwa mikono yake, miaka miwili kabla ya kuingia bungeni.

Sasa nifike ninapotakiwa kufika.

Katika mwaka wake wa kumi na tatu, Mheshimiwa alikuwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia shule. Tulizunguka shule tano kwa siku mbili. Ya tano ilikuwa shule ya bweni iliyo mwendo wa nusu saa kutoka mjini kwao. Tulifika tumechelewa, wajumbe wamechoka, wingu limetanda. Tulikagua madarasa, tukakagua bweni la wavulana, ambalo lilikuwa safi na lina milango miwili. Bweni la wasichana lilikuwa nyuma ya jiko, ng'ambo ya uwanja uliojaa matope. Mvua ikaanza. Mkuu wa shule akasema hakuna haja ya kuchafua viatu, mabweni yote mawili yanafanana. Tukaingia ofisini kwake kunywa chai.

Wiki iliyofuata niliandika taarifa. Niliandika hivi: "Mabweni ya shule yako katika hali ya kuridhisha na ni salama." Mabweni, si bweni. Niliona inasomeka vizuri zaidi.

Mheshimiwa alikuwa na taarifa tano mezani, na gari lilikuwa linamsubiri nje. Alipofika kwenye sentensi ile alitua kalamu.

"La wasichana tuliliona?" aliniuliza.

"Mkuu wa shule alisema yanafanana, Mheshimiwa."

Alinitazama kidogo, akasaini.

Mwezi wa tano mdogo wake alikuwa anatafuta shule ya kumhamishia binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na mitano. Alimuuliza dada yake, kama alivyomuuliza mambo yote. Mheshimiwa alimwambia apeleke maombi kwenye shule ile. Tumeikagua, alimwambia, ni salama.

Moto ulitokea mwezi wa saba, Jumamosi, saa tisa alasiri. Wasichana walikuwa wanapumzika baada ya kufua. Pasi iliachwa juu ya godoro. Bweni lao lilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulifungwa kwa kufuli kutoka nje ili wasitoroke kwenda mjini. Madirisha yalikuwa na nondo zilizochomelewa pande zote. Mlezi wa bweni alikuwa amekwenda sokoni na ufunguo mfukoni. Wapishi walivunja mlango kwa gogo la kuni na kuwatoa wengi. Wasichana kumi na mmoja hawakutoka. Mheshimiwa alikuwa amewapokea watatu kati yao siku walipozaliwa. Mmoja wa hao watatu alikuwa binti wa mdogo wake.

Hizo ndizo wiki mbili alizokosa vikao. Alikwenda kwenye nyumba zote kumi na moja, kwa miguu pale ilipowezekana, bila msaidizi wala mpiga picha. Kwenye nyumba moja mama wa marehemu hakumfungulia. Alisimama nje ya mlango mpaka jua likamwishia, akarudi kesho yake, akasimama tena. Siku ya tatu yule mama alifungua, akamtazama, akafunga. Mheshimiwa aliniambia baadaye kwamba alistahili hata chini ya hapo.

Kwa mdogo wake aliingia, maana msiba ni wa familia. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani. Fundi alinyanyuka alipomwona, akamwambia mbele ya watu wote, bila kupaza sauti:

"Dada, sikulaumu kwa kusaini. Watu wanasaini. Mimi nilikuuliza wewe. Niliacha kuuliza watu wote nikakuuliza wewe."

Akarudi kukaa. Kuanzia siku ile hakumsemesha. Wakikutana kwenye mazishi ya watu wengine alimpa mkono kama anavyowapa wageni.

Mheshimiwa aliporudi bungeni aliomba kusema. Mimi nilikuwa kwenye meza ya makatibu, mbele yake kabisa, na nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia mama yangu.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "taarifa ya kamati yangu ilisema bweni lile ni salama. Hatukuliona. Tuliogopa matope. Mimi nilitia saini. Leo naacha uenyekiti."

Akakaa. Jina langu halikutoka.

Tume ya uchunguzi ilipoitwa alihojiwa kwa siku mbili. Nilikuwepo nikiandika kumbukumbu. Mjumbe mmoja wa tume aliisoma sentensi yangu kwa sauti, akauliza nani aliyeiandika.

"Taarifa ya kamati ni ya mwenyekiti," alijibu.

"Tunauliza mkono ulioandika."

"Na mimi nawajibu saini iliyo chini."

Waliuliza mara tatu kwa namna tatu. Alijibu vilevile mara zote, huku nikiyaandika majibu yake neno kwa neno, na mwandiko wangu wa siku ile hata mimi siwezi kuusoma.

Asubuhi yake nilimpelekea barua ya kuacha kazi. Hakuifungua. "Unataka kwenda wapi?" aliniuliza. Nikasema sijui. "Mimi nataka kuandika muswada, na sijui kuandika miswada. Wewe unajua. Ukishaumaliza, nenda popote unapotaka." Akanirudishia barua na kunionyesha kiti.

Muswada ule ulituchukua miaka saba. Mara ya kwanza ulikataliwa kwa kishindo. Waziri alisema utafunga nusu ya shule za nchi, na Mheshimiwa akamjibu kwamba anaomba aambiwe ni nusu ipi. Chama chake kilimnyima uenyekiti wa kamati zote. Uchaguzi uliofuata alishinda kwa kura mia moja na kumi na mbili, na wapo waliomzomea kwa jina la shule ile kwenye mikutano. Aliwaacha wazomee mpaka wamalize, kisha akaendelea pale alipoishia. Mara ya pili muswada ulifia kwenye kamati, ukikaliwa na watu waliokuwa wakimsalimia kwa heshima kila asubuhi. Mara ya tatu, zikiwa zimebaki siku nne Bunge livunjwe, ulipita.

Sheria yenyewe ni fupi. Mlango wa bweni ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Kila bweni liwe na milango miwili isiyokuwa upande mmoja. Nondo za madirisha ziwe na sehemu inayofunguka. Na kifungu cha tisa: mkaguzi aandike aliyoyaona kwa macho yake mahali pamoja, na aliyoambiwa mahali pengine. Kifungu hicho nilikiandika mimi. Mheshimiwa alikisoma mara mbili, akaendelea na cha kumi.

Miaka miwili baadaye bweni jingine liliwaka katika mkoa wa mbali. Godoro, pazia, paa, vyote viliteketea. Wasichana arobaini na sita walitoka kwa mlango wa nyuma, uliokuwa umetobolewa mwaka uliotangulia kwa amri ya mkaguzi. Nilimpelekea habari hizo mbio. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, na niliona anahesabu kumi na mmoja. Aliniomba nifunge mlango nikitoka.

Miaka kumi na miwili imepita tangu moto wa kwanza, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu katika jengo hili aliyejua nani aliandika neno "mabweni". Nimepandishwa cheo mara mbili. Nimepewa cheti cha mfanyakazi bora, na aliyenikabidhi ni yeye. Haikuwa sawa niandike wasifu wa kumsifu kwa uaminifu huku nikificha hilo, kwa hiyo nimeliandika, na uongozi utaamua la kufanya.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu. Alifuta sehemu nne zilizomsifu, mbili kati ya hizo zilikuwa nzuri sana. Sehemu yangu hakuigusa.

"Umekawia," aliniambia.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Lakini umeandika ulichokiona."

Yanayofuata hajayasoma, kwa sababu yalitokea baada ya rasimu kurudi.

Ijumaa tulikuwa tunafungasha ofisi yake, yeye, mimi na mhudumu wa korido. Dereva aliyeahidi kuja na gari la mizigo hakutokea. Simu ililia kutoka langoni. Mlinzi akasema kuna mzee na gari dogo la mizigo, anadai amekuja kuchukua vitu vya Mheshimiwa, na hajawahi kufika hapa. Nikasema apandishwe.

Fundi saa alisimama mlangoni. Amezeeka kuliko dada yake, macho yake yamechoka na anavaa miwani minene. Alitazama chumba, akatazama maboksi, akamtazama yeye. Sijui nani alimwambia kwamba anahama, na sikuuliza. Alivua kofia.

"Shikamoo, dada."

Mheshimiwa alikuwa ameshika mkono wa kiti.

"Marahaba."

Hawakukumbatiana, na sitasema kwamba walisameheana, maana sikuliona hilo. Fundi aliinama akanyanyua boksi zito kuliko yote, dada yake akamwambia aangalie mgongo, yeye akasema mgongo hauna neno. Walishuka ngazi polepole, mmoja kwa ajili ya magoti na mwingine kwa ajili ya macho, na kwenye kila kituo cha ngazi walipumzika pamoja.

Mheshimiwa Mkunga, kwa niaba ya makatibu, wahudumu, walinzi, wapishi na binti aliyezaliwa maktabani ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili, tunakushukuru kwa kazi. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, magoti yenye nafuu, na Jumapili zenye mtu wa kula naye.