Bi Vlasta na Sahani ya Mgeni

Baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi, Bi Vlasta Hrubešová, mtunza mavazi wa studio yetu ya televisheni hapa Brno, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2024. Ndivyo inavyosomeka kwenye bango lililotundikwa ukumbini. Watoto wa nchi hii watakuambia vingine: kwamba anayestaafu ni Otylie Rybnická, mwandishi wa Kalunguyeye na Sahani ya Mgeni, mama aliyefariki kabla wazazi wao hawajazaliwa. Wote wamesema kweli, na mimi niliyetwishwa kazi ya kuandika wasifu huu nitajaribu kuwaaga wawili hao kwa mpigo mmoja.

Mimi ni fundi sauti. Kila mkesha wa Krismasi nimemsikiliza Bi Vlasta kwa hedifoni akisoma hadithi ile moja kwa moja hewani, kwa hiyo nayajua ambayo mtazamaji hayajui. Najua kwamba tumbo lake hunguruma kwenye ukurasa wa pili, kwa kuwa anafunga tangu asubuhi kama bibi zetu walivyofunga. Najua humeza mate kabla ya sentensi ya mwisho. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua studio nzima, nasi tuliulizana kila mwaka ngazini tukivaa makoti ya kukimbilia makwetu: huyu mama, akishatusomea, anakwenda kula na nani?

Alikuja studio mwaka 1983, binti mwembamba mwenye sindano mdomoni. Wakati huo hadithi ya kalunguyeye, kile kinyama kidogo cha miiba, ilikuwa imeshachezwa mara moja, katika ile filamu ya vikaragosi isiyo na rangi ambayo mwili wa kalunguyeye ulikuwa brashi ya viatu. Sasa wakubwa walitaka filamu ya waigizaji, na kazi ya kwanza ya Bi Vlasta ikawa kushona vijiti vya kuchokonolea meno kwenye koti la mtoto aliyemwigiza kalunguyeye. Mtoto akakaa chini siku ya kwanza, akaruka na kilio kilichosikika hadi kituo cha tramu. Bi Vlasta alifumua vijiti vyote vya makalioni akavirudisha kwa kuvielekeza pembeni. Ukiitazama filamu hiyo leo utaona kalunguyeye hageuki mgongo hata mara moja.

Baadaye ikaja katuni ya kompyuta, na ndani yake kalunguyeye anaendesha pikipiki na kuimba na sungura. Ikaja pia filamu ya maisha ya mwandishi mwenyewe. Otylie Rybnická alikuwa mlinzi wa geti la reli. Aliandika kati ya treni moja na nyingine, peke yake, kwenye kibanda cha chumba kimoja. Filamu ilimpa nywele za dhahabu, mpenzi mwenye cheo jeshini na piano kubwa nyeusi. Bi Vlasta alikwenda kuitazama na kikundi chetu, na ilipotokea ile piano akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Jamani, kibanda kile hata paka alikuwa akitaka kugeuka anatoka nje kwanza!"

Yeye mwenyewe aliingia kwenye skrini kwa bahati mbaya ya mwenzake. Mwigizaji aliyezoea kukaa kitini kama Otylie na kusoma hadithi aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu siku ile ile ya mkesha. Bi Vlasta alikuwa amevaa koti la mwandishi na kofia yake ya sufu ili mafundi wapange taa. Mwongozaji wetu, Bwana Přemysl Holas, akamtazama kitini pale, akamwambia, "Usinyanyuke." Hakunyanyuka mpaka mwaka huu.

Tangu hapo mji mzima ulimchukua kuwa ndiye. Sokoni wanamwita Bi Otylie. Kila vuli wananchi wema hutuletea mapokezi makalunguyeye walioonekana wadhaifu bustanini, wamefungwa ndani ya shali na maboksi ya viatu, kwa sababu mwenye kalunguyeye si yuko hapa? Bi Vlasta aliwapokea wote. Aliwapima kwa mizani ya vifungo, akawalaza ndani ya maboksi ya kofia kwenye stoo ya mavazi, mahali penye baridi ya kutosha usingizi wao wa miezi ya theluji, na wakati wa kuchanua miti akawarudisha porini. Mwaka fulani mmoja aliamka mapema akalala ndani ya suruali ya mfalme. Mfalme alitoka na suruali nyingine.

Sasa niseme habari ya mwisho wa hadithi ile, kwa sababu ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Katika kitabu, kalunguyeye anaamka katikati ya theluji, anasikia kwamba usiku huu wa mkesha kila nyumba imeweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Anakwenda dirisha kwa dirisha akitafuta iliyo yake. Anaiona. Kitabu kinaishia hivi: "Sahani ilikuwa ya buluu, na mlango ulikuwa karibu." Basi. Hagongi, wala hafunguliwi. Watengenezaji filamu hawajawahi kuuvumilia mwisho huo. Vikaragosi walifungua mlango, waigizaji wakafungua, katuni nayo ikafungua kwa fataki, na kila mara familia nzima imesimama kizingitini kwa pamoja, baba mpaka mjukuu, wanatabasamu.

Bi Vlasta alisoma kama ilivyoandikwa. Watoto walilia, wazazi wakapiga simu kulalamika, na mwaka mmoja Bwana Holas akachoka, akamwandikia mwisho mpya wenye mlango wazi na supu ya moto. Bi Vlasta aliipokea karatasi, akaiweka mapajani, kamera zikawaka, naye akasoma wa zamani. Nilimsikia akimeza mate, nikajua anachofanya.

Tulipotoka hewani Bwana Holas alishuka ngazi mbili mbili. "Bi Vlasta! Karatasi imesema mlango unafunguka!"

"Nani kaufungua?"

"Wenye nyumba! Familia!"

"Familia nzima, mlango mmoja?" Alikuwa anavua kofia taratibu, pini moja moja. "Hiyo umeiona wapi, Bwana Holas? Mtu akigonga saa ya chakula, kila mmoja humtazama mwenzake. Kwako haiko hivyo?"

"Hiyo ni hadithi ya watoto, mama!"

"Ndiyo maana. Mlango ukishafunguka ndani ya televisheni kila mwaka, watu wanashiba. Nani atanyanyuka kufungua wa kwake?"

Bwana Holas akaenda kuvuta sigara uani. Hakumwandikia mwisho mwingine.

Baada ya hapo ndipo huja ile saa ya ngazini. Sote tulimkaribisha, sitaki ionekane hatukumkaribisha. "Njoo kwetu, Bi Vlasta, samaki wapo tele." "Twende, mama, mke wangu kakaanga kama kwa kikosi." Jibu lake lilikuwa moja, la upole na la haraka, "Nina mahali pangu, asanteni." Nasi tukafarijika, tuseme ukweli, tukawahi tramu. Kila mmoja wetu alikuwa na sahani ya ziada mezani kwake, na kila mmoja aliamini kwamba ya Bi Vlasta iko kwa mwingine.

Mwaka huu tulitangaziwa kwamba akistaafu hakutakuwa na usomaji wa moja kwa moja tena. Zitarushwa rekodi zake. Alisoma mara ya mwisho tarehe 24, saa kumi jioni, hakubadili hata nukta. Ngazini tulimkaribisha, akatujibu yale yale. Kitu kimoja tu kilinishangaza: aliondoka na koti na kofia ya Otylie mwilini. Mama huyu aliyewahi kumfukuza mwigizaji mpaka barabarani kwa ajili ya kifungo kimoja alichoondoka nacho!

Kwetu mkesha unaongozwa na mama yangu, Bi Anežka, mwenye miaka themanini na sita. Vyakula vyote hupangwa mezani na kando ya kiti chake kabla ya kuanza, sufuria ya supu ya samaki, saladi ya viazi, mpaka biskuti, kwa sababu anayenyanyuka kabla wote hawajamaliza hafiki Krismasi ijayo. Baba alinyanyuka mwaka fulani kutafuta chumvi. Mama hajatusamehe chumvi hiyo. Tangu hapo tumebaki watano, mimi, yeye, mke wangu Radka na binti zetu wawili, na sahani ya sita ni ya mgeni.

Tulikuwa katikati ya samaki. Televisheni ilikuwa inarudia kipindi cha jioni, sauti chini, na Bi Vlasta yumo anafungua ukurasa wa kwanza. Mlango ukagongwa.

Hakuna aliyenyanyuka. Nilimtazama Radka, Radka akawatazama mabinti, mabinti wakamtazama bibi yao.

"Ni jirani, kaishiwa mayai," akasema mama. "Atarudi."

Ukagongwa tena, taratibu zaidi. Mimi kazi yangu ni kusikia, na kugonga kule nilikuelewa. Kulikuwa kugonga kwa mtu ambaye hatagonga mara ya tatu.

"Nakwenda," nikasema.

"Keti, Ctibor! Wewe una watoto!" Mama akaweka uma chini. "Nitakwenda mimi. Nikifa mwaka huu hakuna atakayesema nimewahi."

"Bibi, hapana!" mabinti wakapiga kelele, na mkubwa ndiye aliyeokoa jahazi. "Tunyanyuke wote! Wote kwa mara moja, asiwepo wa kwanza!"

Tukashikana mikono kuzunguka meza. Mama akahesabu, moja, mbili, tatu, tukanyanyuka, na kwa kuwa aliogopa kwamba hata kuachana kuna nuksi, tukaenda hivyo hivyo tumeshikana kupitia ule ukumbi wetu mwembamba, tukikanyagana malapa, binti mdogo mbele, mama nyuma yake, mimi nimebanwa na makoti. Mkono huru uliokuwa karibu na mlango ulikuwa wa binti mdogo. Ndio uliofungua.

Bi Vlasta alikuwa amesimama kwenye ngazi na theluji kofiani. Alitutazama sote watano kizingitini kwa pamoja, tumeshikana, mama bado na leso yake ya chakula shingoni. Akaweka mkono mdomoni.

"Huyu si yuko ndani ya televisheni?" mama akauliza.

"Nimekuja kuangalia," Bi Vlasta akasema, na sauti ile ninayoijua kuliko yangu ilikuwa inakatika, "kama ile sahani mnaiweka kweli."

"Ingia, mama, baridi inaingia," Radka akasema, akampa malapa ya marehemu baba, kwa kuwa hatukuwa na mengine.

Sahani ilikuwepo. Ila miaka na miaka hakuna mgeni aliyewahi kuja, na samaki wetu wa bwawani wana miiba mingi, basi kila mtu alikuwa amezoea kuitupia pale. Bi Vlasta alifika mezani akaikuta imejaa kilima. Nilitamani sakafu ifunguke. Mama alikuwa ameshainyakua akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kikombe.

Bi Vlasta akacheka, cheko ambalo hedifoni zangu hazijawahi kulipata. "Iache, Bi Anežka. Na mimi yangu naijaza vivyo hivyo."

Hapo ndipo tulipojua. Mahali pake palikuwa nyumbani kwake, meza ya jikoni, mtu mmoja na sahani mbili. Kila mwaka aliiweka ya mgeni, akakaa, akasikiliza ngazi, akajitazama kwenye marudio akisoma. Katikati ya samaki alianza kuitupia miiba. Aliyasema haya akikoroga supu, bila kumlaumu mtu. Unaweza kuingia katika nyumba zote za nchi kwa saa moja na usiwe na hata moja ya kuvulia viatu.

Mama aliiosha ile sahani kwa mikono yake. Kisha akahesabu meza. "Sita," akasema. "Haya, sasa tumetimia."

Kwenye televisheni Bi Vlasta alikuwa amefika sentensi ya mwisho. Yule wa mezani alimsikiliza, akatingisha kichwa. "Anaburuza mno," akasema. "Niongezeeni saladi."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi Vlasta, asante kwa kila kifungo, kwa makalunguyeye mia na wafalme wasio na suruali, na kwa kutunyima mwisho mtamu mpaka tulipoamka wenyewe kuutafuta. Koti la Otylie usilirudishe, stoo imeshaambiwa. Tunakuombea maisha marefu yenye afya na kelele za watu. Sahani yako iko kwenye kabati la mama, upande wa kushoto, na mwaka ujao miiba tutaitupa kwingine. Wewe gonga tu. Tutanyanyuka sote.

Ctibor Šebesta, idara ya sauti