Dada Yetu na Mzizi Ambao Hakuunywa

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili wa marehemu baba yetu, aliyekuwa mwashi, na mama yetu mshonaji. Alilelewa zaidi na bibi mzaa mama, aliyewachemshia mizizi watu wenye uvimbe. Kazi yake utotoni ilikuwa kuosha mizizi hiyo, na kuwakera wagonjwa kwa maswali. "Ulipona kabisa, au ulipata nafuu tu?" Bibi alimtoa nje: "Wewe mtoto, utanifukuzia watu."

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikopata shahada ya kemia mwaka 1996 na ya uzamivu mwaka 2007. Bibi alikuwa ameshatutoka, lakini mzizi wake uliingia maabara.

Huko ndiko dada alikomalizia ujana wake. Aliloweka mzizi kwenye spiriti, akachuja, akakausha, akayeyusha unga uliobaki, kisha akazidondoshea dawa hiyo seli za saratani zilizokuzwa kwenye visahani. Kando aliweka daima kisahani cha seli zisizo na ugonjwa. Wanafunzi walimwita Mama Rudia, maana matokeo mazuri yalimtia wasiwasi kuliko mabaya, akataka jaribio lirudiwe. Hata hivyo ilivuja habari kwamba mzizi wa bibi unaua saratani, watu wakaanza kugonga geti. Aliwaeleza kwamba haujawa dawa. Wengi waliondoka wakiamini anawanyima.

Mwaka 2001 aliolewa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mvulana. Kwa kuwa mizizi ililala kwenye friji moja na nyama, shemeji aliandika kwa kalamu nene kwenye rafu ya juu: "Upande wa binadamu." Maandishi hayo yapo hadi leo.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini, ikiwa imeshasambaa. Alianza matibabu ya hospitali. Jioni moja kaka yetu mkubwa, seremala, aliingia chumbani na chupa ya chai yenye mzizi uliochemshwa.

"Kunywa, mdogo wangu."

"Kaka, hiyo sijamaliza kuipima."

"Kwa hiyo tukuzike na dawa iko kabatini kwako?"

Mama alitoka chumbani. Hatukujua tumtazame nani.

Baada ya siku chache dada aliomba apelekwe kazini. Ngazi zilimshinda, kaka akambeba mgongoni. Mwanafunzi wake alikuwa ameandaa visahani viwili, vyote vimetiwa dawa ya mzizi. Dada alimwonyesha kaka kwenye hadubini namna seli hai inavyoshika chini, na iliyokufa inavyojikunja na kuelea.

"Hizi za ugonjwa zimekufa," kaka alisema, sauti imempanda.

"Angalia na hicho kingine. Hizo ni za ini zima."

Kaka aliinamia kisahani cha pili. "Na hizi pia."

"Zote, kaka."

Kaka hakukata tamaa. Alikuwa amesikia kwamba sehemu moja ya dawa hiyo, iliyotenganishwa na nyingine, imeua seli mbovu na kuziacha zile nzima. Akamsihi anywe hiyo.

"Kwenye kisahani hakuna moyo wala figo," dada alimjibu. "Nikifa, watasema imeniua. Nikipata nafuu ya wiki mbili, watu watauchimba mzizi kesho na kuwapa watoto wao. Nataka kuishi, kaka. Usidhani sitaki." Hapo alilia, na kaka akalia naye. Waliporudi nyumbani, kaka alimwaga kila kilichokuwa kwenye chupa.

Dada alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, binti na mvulana, mama, kaka, wadogo zake wawili wa kike, na wanafunzi wanaoendelea kuipima sehemu ile.

Tangu msiba uanze tumesikia ikinong'onwa kwamba amekufa kwa ukaidi. Leo asubuhi jirani, ambaye mkewe anaumwa, alimvuta kaka pembeni akimwomba mzizi, hata kidogo. Kaka ametuomba jibu lake lisomwe hapa ili lisirudiwe mlango kwa mlango:

"Ndugu yangu, dawa hiyo niliibeba mpaka kitandani kwake, nikaimwaga mwenyewe. Na aliyekuwa anakufa ni mdogo wangu."

Mungu amlaze dada yetu mahali pa utulivu.